Arobaini na Sita

Orodha ilinifikia saa nne asubuhi, nikiwa nimeketi nje ya nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nusu macho nusu usingizi, kama ilivyo desturi yangu tangu vita vilipoamua kunistaafisha. Rurangwa, jirani yangu Mnyarwanda ambaye simu yake haikosi chaji, alininyooshea simu niisome. Ilikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa chuo cha binti yangu, kule Lilongwe: majina ya wanafunzi walioruhusiwa kufanya mitihani ya mwisho mwezi wa kumi na moja. Niliisoma mara nne. Jina la Stéphanie halikuwamo.

Kabla hamjanishauri nivae miwani, mnijue kwanza. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa apariteri wa chuo kimoja Bukavu, Kongo, yaani mtu wa kutunza majalada ya wanafunzi, na siku ya matokeo ndiye anayepanda ngazi kuwasomea watu majina. Uwanja unafurika, akina mama wameficha poda ndani ya vitenge, na jina likitoka tu kinywani mwangu mwenyewe anamwagiwa poda kichwani mpaka hatambulikani. Sikuwahi kuruka jina. Macho yangu yanaweza kunisaliti kwenye tundu la sindano, lakini si kwenye orodha.

"Pengine bamemusahau," Rurangwa alisema.

"Université haisahauke bantu!" nikamfokea, ingawa maskini hakuwa amekosa lolote.

Matokeo ya mwaka wa tatu yalikuwa yametoka mwezi wa saba, na niliyasoma mwenyewe. Sitini na nane, sabini na moja, sabini na nne, sitini na tano, kisha somo la takwimu: arobaini na sita. Pembeni ya hiyo arobaini na sita waliandika neno la Kiingereza ambalo sikulijali. Ningelijali kwa nini? Kwetu Bukavu kila mtu anajua kwamba ukiwa na wastani mzuri, anguko dogo kama hilo linafunikwa. Walimu wanakaa, wanajadili, wanamtazama mtu mzima, hawatazami kidonda chake. Nilipiga hesabu kwa kalamu, nikapata amefaulu, tena vizuri. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikamtangaza. Mama yake, Godelive, akammwagia poda, kwaya ikaitika, na Stéphanie akabaki amesimama katikati yetu akipepesa kope nyeupe. Nilidhani furaha imemzidi, nikaendelea kupiga makofi.

Nilimpigia Stéphanie kwa simu ya Rurangwa. Akaniita niende: "Papa, kuya ku Lilongwe. Tutaongea."

Kibali cha kutoka kambini kilichukua siku mbili. Siku ya pili niliketi kwenye benchi kukingoja, joto la mwezi wa kumi likanilevya, nikaota. Niko juu ya ngazi ileile ya Bukavu. Ziwa limepanda hadi uwanjani, limetulia tuli, na wanafunzi wamesimama ndani ya maji mpaka kiunoni bila kulalamika. Nasoma majina. Kila ninayemtaja anatoka majini taratibu, anakwenda zake akidondosha matone. Mwishowe amebaki Stéphanie peke yake, ananitazama, nami nageuza karatasi huku na huku, na karatasi imekwisha. Karani akanigusa bega, akiniita baba kwa Kichewa. "Abambo, kibali chenu hiki."

Stéphanie alinipokea Mchesi, mtaa wa Lilongwe anakoishi siku za masomo kwa Béatrice, fundi cherehani wa kanisa letu. Tulikwenda chuoni kwa miguu. Jakaranda zilikuwa zimemwaga maua yake njia nzima, na jua lilikuwa kali kiasi kwamba watu wote walionekana kutembea polepole mno, mafundi baiskeli, wauza nyanya, hata mbwa. Sikuwa na hakika kama nilikuwa nimekwisha amka. Njia nzima nilijifanyisha mazoezi ya hotuba yangu kwa sauti: wastani, baraza la walimu, haki ya kufunikiwa anguko dogo.

"Papa, huku haiko vile," alisema mara moja tu, akiwa amenibebea mfuko.

"Iko vile kila fasi. Bantu ya masomo ni bamoja."

Hakunibishia. Angenibishia tangu zamani, tungekuwa mbali.

Ofisi ya mitihani ilikuwa na feni inayozunguka kwa kusitasita na mama mmoja wa Kimalawi mwenye miwani ya kamba. Alisimama kuzipa heshima mvi zangu. Nikahutubia, Stéphanie akatafsiri kwa Kiingereza. Maneno yangu ya dakika kumi aliyafanya ya dakika moja, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimeyapanga vizuri. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, akafungua kitabu cha kanuni, akaweka kidole juu ya mstari.

Stéphanie alinitafsiria akiitazama meza. "Anasema hapa somo moja hailipiake ingine. Ukianguka somo ya lazima, mtihani ya mwisho hauifanye mpaka uipite kwanza. Anasema balioanguka bote balipewa nafasi ya kurudia, mwezi ya munane."

"Basi mwambie we haukuambiwa!" Nikapiga meza, si sana. "Mwambie balikuficha!"

Hakumwambia. Lakini hasira haihitaji mkalimani. Yule mama alivuta jalada, akatoa karatasi mbili, akazigeuza zinielekee. Ya kwanza ilikuwa fomu ya kuomba kurudia mtihani wa takwimu, imejazwa kila kona. Ya pili ilikuwa fomu ya kuondoa jina kwenye mtihani huohuo, na kwenye nafasi ya sababu kulikuwa na mstari mmoja mfupi. Mwandiko wote ulikuwa wa Stéphanie. Ningeutambua hata gizani, mimi ndiye niliyemshika mkono akijifunza kuandika.

"Imeandikwa nini?"

"Papa, tuende."

"We njo mukalimani. Soma."

Akausoma kwa Kiswahili chetu. "'Ku nyumba, nilishafaulu.'"

Feni ilizunguka. Niliitazama tarehe ya mtihani ule wa kurudia, Jumamosi ya mwezi wa nane, nikaikumbuka vizuri siku hiyo. Stéphanie alikuwa Dzaleka, ameketi karibu yangu, akipokea mikono ya wageni waliochelewa kuja kumpongeza. Nilikuwa nimemwagiza mwenyewe aje.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Ile kanuni nilisomaka mu mwaka ya kwanza."

"Na ukaniacha nikutangaze mbele ya kanisa muzima?"

"Ulikuwa ulishaanza kusema, Papa. Mama iko na poda mu mukono. Ningesema nini? Kama Papa hajue kusoma matokeo?" Sasa alikuwa analia, mbele ya mgeni, na hakujali. "Hauna kazi ingine yenye bantu banakukumbukia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku tuliyovuka mpaka na sufuria moja. Hasira nayo ilikuwapo, ila ilikosa mtu wa kumwendea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu baba anayeyaona maradhi ya mwanawe akayatangaza kuwa afya. Miaka tisa nilikuwa naishi Malawi, nakula nsima, ugali wa Malawi, huku naamua mambo ya mwanangu kwa sheria za uwanja ambao siku hizi nauona nikisinzia tu.

Yule mama alisukuma boksi la tishu, akazungumza polepole, Stéphanie akanitafsiria. Kamati ingekaa saa nane mchana. Kama ipo sababu iliyomzidi nguvu mwanafunzi, iandikwe, naye ataipeleka. Hakuahidi kitu.

Niliomba karatasi. Niliandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko wangu wa ofisini, kwamba mimi, Hubert Cishahayo, apariteri wa zamani, niliyasoma vibaya matokeo ya binti yangu na kuyatangaza hadharani. Kwamba hakurudia somo lake kwa kunisitiri mimi. Kwamba kosa ni langu. Nikatia sahihi, nikampa atafsiri.

"Hii sitaitafsiri."

"Utaitafsiri. Na usifupishe."

Aliitafsiri neno kwa neno. Ilimchukua muda mrefu kuliko hotuba yangu.

Tukangoja nje, kwenye benchi la saruji. Maua yalidondoka moja moja, yakatua mapajani mwetu, na baada ya muda nikahisi kichwa chake kimelala begani mwangu. Alilala fofofo, mdomo wazi, uzi wa cherehani ya Béatrice umenasa kwenye nywele zake. Mimi ninayesinzia popote, leo usingizi ulinikimbia. Nilimtazama, nikaona vivuli vilivyo chini ya macho yake, nikajiuliza vilianza lini na mimi nilikuwa natazama wapi.

Saa tisa na nusu yule mama akatoka. Hakutaka kumwamsha. Aliniinamia, akanionyesha karatasi yenye mhuri, akaniwekea kidole penye mwaka. Mwaka ujao. Kwa ishara na maneno machache nikaelewa yote: Stéphanie atasoma takwimu upya pamoja na wa mwaka wa tatu kuanzia mwezi wa pili, akifaulu atafanya mitihani ya mwisho na hao watakaomfuata. Mwaka huu hapana. Kamati iliisoma barua yangu, ikanihurumia, ikaishika kanuni.

"Pepani, abambo," alisema, akinipa pole.

"Zikomo," nikamshukuru, na nilimaanisha.

Stéphanie alifungua macho mguu wa yule mama ulipokwisha toka barazani. "Bamesema nini?"

Ulimi wangu ulianza kutafuta namna ya kuifunika. Wanaendelea kufikiria. Bado kidogo. Wamekusifu sana. Maneno yote hayo yalikuwa yamekwisha jipanga, matamu, na nikayaacha yapite.

"Mwaka huu mitihani ya mwisho hautaifanya," nikasema. "Umeanguka takwimu, mwana wangu. Utarudia."

Alinitazama kama anayesikiliza redio ya mbali. "Sema tena."

"Umeanguka."

Mabega yake yakashuka, yote mawili, na hapo ndipo nilipojua yalikuwa yamepanda tangu mwezi wa saba. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Papa, takwimu siielewake," alisema. "Hata kidogo. Tangu mwanzo."

Nikamwuliza ni wapi hasa inapomtupa. Akatoa daftari kwenye mfuko, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kunionyesha.