Majiko ya Kukodi

Majiko yalishushwa asubuhi, wanafunzi wakiwa bado mstarini, na tangu hapo Mwalimu hakutulia. Alifunga aproni, akaifungua, akaifunga upya. Alipanga visu, akavipangua. Kila alipopita karibu na majiko yale yanayong'aa alijitia hamnazo, macho juu darini.

"Wakaguzi wakiuliza, haya ni yetu tangu mwanzo," Mkuu wa chuo cha upishi aliwaambia wanafunzi, meno yote nje. Walimpachika jina la Bwana Mipango, na siku hiyo mipango ilikuwa imemjaa mpaka mashavuni. "Tukipata ithibati leo, vyeti vyenu vitapokelewa hoteli yoyote. Tukikosa, vitakuwa makaratasi ya kufungia karanga."

Hapo ndipo wasiwasi wa Mwalimu ulipoanzia. Kati ya wanafunzi wale alikuwamo binti wa kaka yake, mwembamba hata wenzake wakamwita Kijiko. Kabla ya kujiunga, Kijiko alimuuliza kiungwana kabisa, "Shangazi, chuo chenu kinatambuliwa?" Naye akajibu kwa mbwembwe, "Mimi mwenyewe nafundisha pale. Unataka utambuliwe na nani tena?" Sebule nzima iliangua kicheko. Kaka yake akaachana na wazo la chuo cha ng'ambo ya mji, chenye usajili na muhuri wake, maana nani amwache shangazi akamfuate mgeni?

Sasa jibu lile lilimsuta. Jiko la chuo lilikuwa moja tu, bovu, halina gesi, mlango umefungwa kwa waya. Wanafunzi waliingiza trei tupu, wakangoja, wakaitoa. "Keki imeiva, Mwalimu." Naye alijibu, "Vizuri sana." Mwanzoni walicheka, baadaye wakazoea, na huko kuzoea ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Kila muhula Mkuu aliahidi gesi, na kila muhula Mwalimu alimeza ahadi na mate. Usiniulize kwa nini hakuacha kazi. Aliyewahi kuogopa kukosa kazi anajua.

Wakaguzi walikuja wawili: bwana mmoja mnene, wa kuandika, na mama wa makamo ambaye bila shaka aliwahi kuwa mpishi, kwa kuwa alinusa kabla ya kusalimia. Wakazunguka, wakafungua makabati, wakagonga mitungi ya gesi. Mikate ilikuwa ndani ya oveni tayari, Mwalimu aliiweka kwa mkono wake. Harufu ikawa nzuri hata Mkuu akaanza kutamba.

"Nani atatutolea mikate?" mama mkaguzi akauliza.

Mkuu akamchagua Kijiko, mwanafunzi bora wa darasa. Mwalimu akageukia visu, akavipanga tena. Glavu zilining'inia ukutani, mpya, bado zina lebo ya dukani. Kijiko alisogea kwa madaha kama alivyofundishwa, akapinda goti, akafungua mlango wa oveni, akaishika trei kwa mikono mitupu.

Ukelele wake uliwarusha watu wote. Mikate ikatawanyika sakafuni. Mwalimu alimkokota mpaka kwenye bomba, akamfungulia maji.

"Ni woga wa wageni tu," Mkuu alisema, jasho jembamba likimtoka. "Haya, mwingine! Kuna trei ya pili."

Msichana mwingine akajitokeza, mtiifu, akainama. Naye akanyoosha mikono mitupu.

"Usiguse!"

Mwalimu aliruka akasimama mbele ya oveni. "Mama, hawajui," alimwambia mkaguzi. "Hawajawahi kushika trei ya moto. Majiko haya yamekodiwa leo asubuhi. Na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo."

Mama mkaguzi hakugomba. Alichukua glavu ukutani, akaitoa trei ya pili taratibu, akazima oveni.

"Hapa tumemaliza," akamwambia mwenzake.

Mkuu akaanza kuokota mikate sakafuni.

Nje, Kijiko aliketi kwenye ngazi, viganja ndani ya beseni la maji. Mwalimu akachutama mbele yake.

"Twende zahanati, mwanangu."

"Nilikuuliza, shangazi."

"Uliniuliza."

"Ukanifanya kichekesho mbele ya watu."

Mwalimu aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue aweke wapi mikono yake. Alimviringishia vitambaa vyenye maji viganjani, wakaondoka.

Getini walikutana na mama mmoja na binti yake aliyevaa kama anayekwenda kupigwa picha.

"Samahani, Mwalimu. Hapa ndipo chuo cha upishi? Nimekisikia kinasifiwa. Eti, kinatambuliwa?"

Mkuu alikuwa dirishani, anawatazama. Mwalimu alimwona vizuri. Akavua aproni yenye jina la chuo, akaitundika kwenye geti.

"Hakitambuliwi, dada. Kipo kingine ng'ambo ya mji, hicho kimesajiliwa. Hata huko, usilipe kitu mpaka wakuwashie jiko ulione."

Yule mama alimtazama juu mpaka chini. "Sasa wewe mbona unafundisha hapa?"

Mwalimu alifungua mdomo, Kijiko akamuwahi.

"Alikuwa anafundisha," alisema, kisha akamsukuma shangazi yake kwa kiwiko, kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika kitu. "Twende, shangazi. Bado naungua."