Makaburi ya Uwanda wa Mawe

Nilikuwa muuguzi pekee katika zahanati yetu, ukipita Kombewa ukishuka ziwani, na friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa. Mafuta yakikosekana, chanjo zinaharibika. Mwaka 1989 ziliharibika, na surua ikachukua watoto sita. Mimi ndiye niliyewaambia mama zao warudi wiki ijayo. Mpaka leo sijajisamehe.

Kwa hiyo injinia Wakhisi alipokuja kupima ule uwanda wa mawe, ambao jua huuchoma mwaka mzima na hata mtama hauoti, nilimpenda kama ndugu. Wafadhili walitaka kutandaza mitambo ya umeme wa jua uwanda mzima. Waya wa kwanza ungeingia zahanati.

Watu wakaharibu. Uwanda haukuwa na hati, na kwa Wajaluo kaburi la baba yako ndilo hati. Kila ukoo ukaogopa mwenzake asije akauchukua. Ndani ya mwezi mmoja makaburi arobaini yakatokea mahali palipokuwa pakilala mbuzi. Mawe matupu! Niliwaona wakiyapanga mchana kweupe, wanacheka.

Wafadhili wakaandika barua: wao hawahamishi wafu, mradi utapelekwa kwingine.

Nilimwangukia Wakhisi. Akasema, "Sista, nionyeshe moja tu ya uongo, mwenyewe akiwa hapo. Nitawaomba wakague zote upya."

Nikamwendea Dalmas, fundi wa baiskeli, aliyezika binti yake katika surua ile. Nilimwomba alifukue kaburi alilolipanga uwandani. Hakubishana. Alichukua jembe, tukaenda watatu pamoja na Wakhisi.

Tukamkuta mama yake Dalmas, Adero, ameketi kando ya kaburi hilo aking'oa nyasi. Mumewe alizama ziwani zamani na mwili haukuonekana. Kwa mila yao, mtu kama huyo huzikiwa tunda la yago, lile refu zito, badala ya mwili. Dalmas alikuwa amepanga mawe tu, kisha akamwambia mama yake kwamba yago limo.

"Wuoda, mwanangu, jembe ni ya nini?" Adero akamuuliza mwanawe.



Mama akanigeukia mimi. "Siku hizi mimi nalala, Sista. Zamani nilikuwa nasikia yeye anaita huko kwa maji. Sasa amefika nyumbani."

Dalmas akaweka jembe chini, akaanza kulia waziwazi. Wakhisi akafungua daftari lake.

"Sista, hapa ndani kuna mtu ama hakuna?"

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba wiki ile watoto ishirini walikuwa wakisubiri chanjo, na mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana. Nilimchukia Dalmas, nikamchukia na Wakhisi kwa kuniuliza mimi.

"Yumo," nikasema.

Akaandika. Kisha akainama, akamshika Adero mkono, akampa pole.