Ngozi ya Kuonyesha

Ng'ombe alikufa Jumatatu asubuhi, damu nyeusi ikimtoka puani, na Bulonza akajua kwamba amekwisha. Hakumlilia ng'ombe. Alijililia mwenyewe.

Mnyama hakuwa wake. Alikuwa wa Muzee Cyprien, mwenye kilima, aliyehamia Kadutu mjini Bukavu akawaachia watu ng'ombe na mashamba. Ukitunza ng'ombe wake, unalima shamba lake. Ng'ombe akifa, unampelekea ngozi. Bila ngozi wewe ni mwizi, umemuuza kwa wachinjaji wa mjini, na shamba linarudi kwa mwenyewe. Bulonza alikuwa na mke, watoto wanne, wa kwanza Sikujua, na shamba hilo moja tu la maharage.

Mwaka ule wa 1957 malisho yalikuwa shida tupu. Huko juu mashamba ya miti ya kwinini ya wazungu yalikuwa yamemeza majani yote. Katikati serikali ilikuwa imechimbisha mitaro ya kuzuia udongo usimomonyoke, na ole wake mchungaji ambaye ng'ombe wake angeikanyaga. Lilibaki bonde la matope, na humo ndimo ng'ombe alimookota kimeta.

Mganga wa mifugo, mzungu, alikuja na polisi wawili. Shimo refu likachimbwa, ng'ombe akatupwa humo, chokaa juu, udongo juu ya chokaa.

"Hakuna kuchuna, hakuna kula, hakuna kugusa," mzungu alisema. "Ugonjwa huu unaua hata watu."

Akapanda pikipiki yake akaenda. Angeweza kuandika karatasi ya kumweleza mwenye ng'ombe, lakini nani wa kumwomba? Bulonza kumdai mzungu karatasi! Na hata angeipata, tangu lini Muzee Cyprien akapokea karatasi badala ya ngozi?

Jumanne kulipopambazuka, Bulonza alifukua. Mkewe Adolphine alisimama mbali, kitambaa mdomoni.

"Papa Sikujua, acha. Ulisikia vile munganga alisema."

"Nikiacha, tutalima wapi?"

Alichuna harakaharaka, kisu kikamkwaruza kifundo cha mkono. Akaiosha ngozi mtoni, akaifunga kwa majani ya migomba, akateremka nayo Bukavu. Kila alipoona kofia ya polisi alipinda njia.

Muzee Cyprien aliikunjua ngozi uani, akatafuta baka jeupe la ubavuni alilomjulia ng'ombe wake, akaliona. Akacheka kwa furaha.

"Bulonza, hauko mwizi. Ile shamba iko yako, hata mimi nikikufa."

Akamiminiwa pombe ya ndizi. Aliinywa yote na hakusikia ladha yake. Alisifiwa mpaka akaona haya.

Alhamisi kifundo kilianza kumwasha, kipele kidogo tu, kama ameumwa na mbu. Jumamosi kilikuwa kidonda cheusi. Alikibonyeza. Hakikuuma hata kidogo, na hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Bulonza alikuwa ameficha ya ng'ombe.

Hakukimbilia hospitali. Alikimbilia Kadutu.

Ngozi ilikuwa imewambwa uani kwa vigingi. Katikati yake alikaa Martine, mjukuu wa Muzee, wa miaka miwili, anakula kiazi.

"Papa, toa mutoto pale," Bulonza alimwambia Muzee. Pumzi hazikumtosha.

"Juu ya nini? Hapo njo anachezeaka kila siku."

Bulonza akanyoosha mkono. "Niliifukula. Ngombe ilikufa na kimeta, munganga alikataza tusiiguse. Niliogopa utasema niliuzisha."

Muzee Cyprien alikitazama kile kidonda. Akaenda, akamwinua mtoto, akampangusa viganja kwa shati lake mwenyewe.

"Tukiichoma," alisema polepole, "siku mimi nikikufa utabakia na nini ya kuonyesha watoto yangu?"

"Hapana kitu, Papa. Uichome."

Walimwaga mafuta ya taa. Ngozi ilijikunja, baka jeupe likaungua la mwisho. Bulonza alitazama shamba lake likiondoka na moshi, na kwa mara ya kwanza wiki ile alipumua vizuri.

Mtoto alikuwa analialia mikononi mwa babu yake, anajikuna. Bulonza akasogea. Nyuma ya paja, palepale alipokalia ngozi, palikuwa na kipele kidogo.

"Ni mbu," Muzee alisema haraka. "Hapa mbu iko mingi."

Bulonza alitazama mkono wake. Cha kwake kilianza hivyohivyo.