Mama wa Safu ya Juu

Mji wa Wagiriki wa kale ulioko Clairwood, Durban, nyuma ya maghala ya makontena, hufunguliwa saa tatu asubuhi, isipokuwa siku ambazo lori limeharibika langoni. Ulijitokeza ile wiki ya mvua kubwa. Udongo uliporomoka, na kulipokucha yadi ikawa na nguzo kumi na nne, soko, hekalu lisilo na paa, na ukumbi wa michezo wenye ngazi za mawe. Madereva walilalamika kwamba hakuna tena pa kugeuzia trela. Mwenye yadi, mtu asiyelaza damu, akazungushia seng'enge, akachapisha tiketi, akaajiri mtembeza wageni.

Mtembeza wageni huyo ni Honoré, mzaliwa wa Uvira, Kongo, ingawa beji kifuani mwake imeandikwa Sibusiso. Mwenye yadi alitaka mtu wa hapa hapa, na Honoré, aliyefika Durban akiwa mtoto wa miaka mitano, akamwambia kwa Kizulu safi kwamba yeye ni wa Umlazi. Uongo mdogo tu, wa kupatia kazi. Nani hajawahi? Lakini tusimtetee mapema, yanakuja.

Kila kundi alilipeleka sokoni, kisha hekaluni, akamalizia ukumbini. Hapo aliwapandisha wageni mpaka safu ya juu kabisa, yeye akabaki chini katikati, akadondosha sarafu juu ya jiwe. Mlio wake ulifika juu kana kwamba imeangukia sikioni mwa kila mtu. Wageni walipiga makofi.

Jumamosi moja wakaja wanakwaya wa kanisa moja la Wakongomani la Berea, wamama kumi na wanane, vitenge vya sare. Honoré alishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Miongoni mwao alikuwa Mama Henriette, dada mkubwa wa marehemu mama yake, ambaye Honoré alikuwa hajamtembelea kwa miaka miwili. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyevuka naye mipaka mitatu, amembeba mgongoni.

Wenzake walipopanda ngazi, Mama Henriette alibaki chini kwa sababu ya magoti. Akamsogelea kijana wa beji, akachungulia chini ya kofia.

"Honoré! Ni weye? Yesu wangu! Njo ushike basi hii mufuko, mukono inaniuma."

Kwao, mtoto hamsalimii mkubwa kabla hajampokea mzigo. Mikono ya Honoré ilianza kuinuka yenyewe. Mwenye yadi alikuwa amesimama kando ya nguzo, anakula andazi. Mikono ikarudi mifukoni.

"Huyu mama simjui," alisema kwa Kizulu, kwa sauti ya kusikika.

Mama Henriette alimtazama mwenye yadi, akaitazama ile beji, akaelewa.

"Pardon, papa," akamwomba radhi Honoré kama mtu asiyemjua. "Macho yangu imechoka. Nilifikiri ni mwanangu."

Kisha akapanda ngazi zote peke yake, mfuko mkononi. Juu kule mwanakwaya mmoja alinong'ona, "Mwacha asili ni mtumwa," na kwa jinsi ukumbi ulivyojengwa, Honoré alisikia vizuri.

Jumatatu alidondosha sarafu mbele ya wageni wa Johannesburg. Sarafu haikulia. Badala yake mawe yalisema, kwa sauti yake mwenyewe, "Huyu mama simjui." Wageni wakapiga makofi.

"Eish, spika mmezificha wapi?" mmoja akauliza.

"Hakuna spika. Ni jiwe zuri," alijibu Honoré.

Alibadilisha sarafu. Akajaribu kokoto, funguo, hata chafya. Jibu lilikuwa lile lile. Mwenye yadi alipendezwa, akaliongeza kwenye bango la langoni. Mara nne kwa siku Honoré alisimama pale, masikio yakiwaka kwa haya, akitamani ardhi iliyoutoa mji ule immeze yeye. Haikummeza. Mshahara uliingia kila mwezi.

Tangu hapo Mama Henriette hukata tiketi kila Jumamosi na kukaa safu ya juu, mfuko mapajani. Ndani mna fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu chake, vimefungwa kwa kitambaa visipoe. Wiki iliyopita mgeni mmoja, Lyse, Mrundi mwenye saluni Greyville, aliketi kando yake.

"Mama, hauchoke? Si mawe ni ile ile?"

"Nakuja kusikia sauti ya mutoto wangu," alisema Mama Henriette. "Kwangu hafikake."

Chini, Honoré alisikia kila neno. Akaweka sarafu mfukoni, akapanda ngazi mbili mbili mpaka safu ya juu. Alipofika akamwona mwenye yadi langoni, anatazama.

Upande wa pili wa Mama Henriette alikuwepo mtalii wa kizungu mwenye begi zito la kamera. Honoré aliinama, akampokea mtalii begi lile kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyofunzwa nyumbani. Mama Henriette akakunja magoti ampishe, mfuko wake mapajani, fufu bado la moto.