Mbuzi wa Mama Héritier

Mbuzi mama aliliwa na wenye bunduki asubuhi ile ile tuliyokimbia Nyakabere. Walimtoa kwenye kibanda chake huku mimi nikiwa ndani nafunga godoro, na sikuthubutu hata kukohoa. Walipoondoka nikamkuta mtoto wake amejibanza nyuma ya bidoni za maji. Nikamweka mabegani, nikamshika Ishimwe wangu mkono, godoro nikaliacha.

Na mtoto huyo wa mbuzi hakuwa wangu. Parokia yetu ilikuwa na mradi: nyumba isiyo na kitu hupewa mbuzi jike mmoja, na jike wa kwanza atakayezaliwa huenda kwa nyumba inayofuata. Ukishamkabidhi, mama na wote watakaofuata ni wako kabisa. Nilikuwa karibu kumaliza. Mtoto aache kunyonya, nimpe Mama Héritier, aliyenifuata kwenye orodha, mbele ya watu, nami nibaki na mama yake. Samadi nilikuwa nimeshaipangia mihogo, mihogo nimeshaipangia sare ya shule ya Ishimwe. Sasa mama yuko matumboni mwa watu, na aliyebaki ana mwenyewe.

Jambo hilo lilinitafuna njia nzima. Tulipita Uvira bila kusimama, ziwa kushoto, milima kulia, watu wanasukumana na kuku na masufuria, na kila aliyeniona alikuwa na neno.

"Mama, uzisha ako kabuzi! Mutoto iko nalia njaa, haumuone?"

Nilimwona. Nilikuwa nimemshika mkono. Ahadi ni deni, najua, lakini nani angejua nikimuuza? Komite ya mradi ilikuwa imetawanyika. Mama Héritier mwenyewe huenda alikuwa ameshavuka kwenda Burundi. Nusu ya moyo wangu ilimwombea awe salama, na nusu nyingine ilimwombea awe mbali. Nikikaa kupumzika, miguu inawasha. Nikitembea, nagombana na watu ambao hawapo.

Hakuwa mbali. Nilimkuta Makobola, kwenye shule walikowekwa wakimbizi, amekaa sakafuni na mtoto mgongoni. Akaniona, akamwona mbuzi. Tulisalimiana vizuri sana. Tuliulizana habari za njia, za watoto, za nyumba tulizoacha, kila kitu isipokuwa mbuzi, na mbuzi mwenyewe yuko katikati yetu anatafuna kamba ya kiatu cha mtu.

Sikutulia tena. Nilichota maji ambayo hakuna aliyeyataka, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kilichonitia wazimu ni kwamba Mama Héritier hakuomba chochote. Angeomba, ningepata pa kugombania. Hatimaye Papa Marcellin, mwenyekiti wa komite yetu, naye akafika Makobola akichechemea, na kabla hajapata hata pa kukaa nikamvamia.

"Papa Marcellin, ita bantu. Minye nataka kutoa ile mbuzi."

"Sasa? Huku? Mama Ishimwe, tungojee kwanza turudi kwetu."

"Hapana. Leo. Sitaki muntu aseme minye nilikulaka mbuzi ya mradi."

Ndivyo nilivyoumbwa: nikiogopa jambo, nalikimbilia. Tulisimama karibu na vyoo vya shule, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Papa Marcellin akasema maneno yanayosemwa. Nikaweka kamba mkononi mwa Mama Héritier, naye akaahidi, kama inavyotakiwa, kwamba jike wake wa kwanza atakuwa wa nyumba ya Ngendakumana, ambaye hakuna aliyejua amekimbilia wapi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki mikono mitupu, na nasema wazi, niliona wivu mpaka macho yakaniuma.

Asubuhi iliyofuata mbuzi hakuwepo. Mama Héritier alikuwa anarudi kutoka barabarani na mfuko wa unga kichwani, ndagala, wale dagaa wa ziwani, zimefungwa kwenye plastiki mkononi. Nikamzibia mlango wa darasa tulimolala.

"Umeuzisha?"

"Nimeuzisha."

"Mbuzi ya Ngendakumana! Jana uliahidi mbele ya bantu! Minye nilibebaka ile mbuzi ku mabega toka Nyakabere, mutoto wangu analia njaa, na sikuuzisha!"

Darasa zima likageuka kututazama. Papa Marcellin akaangalia viatu vyake. Mama Héritier akatua unga taratibu, bila haraka yoyote, jambo lililozidi kunichoma.

"Weye ulibeba deni yako, ukalipa. Aksanti sana, Mama Ishimwe. Ya Ngendakumana sasa iko yangu minye. Nitalima mashamba ya bantu mpaka nimupatie mbuzi yake. Lakini batoto habakule ahadi." Akanipita. "Ita Ishimwe."

Nilikuwa na maneno mengi bado. Lakini Ishimwe hakungoja kuitwa. Alikwenda kukaa karibu na moto pamoja na watoto wa yule mwanamke, na ugali ulipoiva akala bila kuinua uso, mpaka akashusha pumzi kama mtu mzima. Mama Héritier akanisogezea sahani. Nikamwambia sili. Hakunibembeleza, aliiacha pale pale mbele yangu, akageuka kumlisha yule mtoto wake wa mgongoni.

Nikala. Nilikula kwa hasira, nikaramba vidole, na nilipomaliza nikamuuliza kama umebaki ugali mwingine.