Kosa la Mstari wa Kumi na Nne

Kalamu nyekundu ya Mzee Nukta ilikata neno "hii" kwa mara ya kumi na moja asubuhi ile, ikaandika juu yake "huyu", kisha ikashuka mstari wa chini kuwinda jingine.

Miaka thelathini na minane alikuwa amesahihisha vitabu vya watu katika kampuni ya uchapishaji. Alipostaafu, na mkewe akafariki mwaka huo huo, binti yake alimkuta akisahihisha maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Akaona mambo yamefika pabaya. Akamtafutia kazi ya kujitolea: jarida la kurasa mbili la kituo cha kutunzia wanyama waliotupwa, lililotoka kila msimu ulipobadilika. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa habari za kituo, wa pili wa ushauri kwa wenye mbwa na paka.

Aliyeliandika alikuwa mlezi wa kituo, mama wa makamo ambaye watu wote walimwita Shangazi. Shangazi aliandika kama alivyosema. "Paka hii ya miguu mitatu imechukuliwa na fundi cherehani, wanapatana sana." "Mbwa ikilowa na mvua, ifute kwanza tumbo na katikati ya vidole, mgongo utajikausha." Mzee Nukta alizitoa "hii" zake moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mnyama ana uhai, na chenye uhai ni "huyu", ni "amechukuliwa", ni "mfute". Kanuni haina mjadala. Wanyama wenyewe hakuwa na haja nao. Kila alipokwenda kituoni alikabidhi karatasi zake dirishani na kugeuka, kwa maana ndani kulikuwa na harufu na kelele, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi.

Ila kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomjeruhi. Siku ya mwisho ya mkewe hospitalini, muuguzi mmoja, mpole tu, alikuwa akimwambia tangu alfajiri, "Mama amelala. Mama anapumzika." Ilipofika saa nne alitoka chumbani akasema, "Utahamishwa saa nane." Mzee Nukta hakukielewa kifo kwa uso wa muuguzi, wala kwa mashine iliyonyamaza. Alikielewa kwa silabi moja. Mama alikuwa "a", mwili ukawa "u". Tangu hapo aliamini kwamba mpaka ule kati ya "a" na "u" huvukwa kwenda upande mmoja tu, na hakutaka kuujadili na mtu.

Toleo la msimu wa mvua lilimletea mstari uliomkera, wa kumi na nne katika ukurasa wa ushauri: "Kitoto kikizaliwa kimya usikizike, kisugue." Kisugue mpaka lini? Ushauri gani huo usio na kipimo? Akaandika pembeni "Haieleweki", akaukata wote. Kisha dhamiri ikamsuta, kwani hakuwa na desturi ya kukata sentensi ya mtu bila kumuuliza. Akachukua mwavuli akatoka.

Dirishani hapakuwa na mtu. Akagonga kioo kwa pete yake.

"Nani?" Sauti ya Shangazi ilitoka mbali, ndani.

"Nukta."

"Ingia, mzee wangu. Mikono yangu imeshikika."

Akausukuma ule mlango ambao hakuwahi kuuvuka. Kilikuwa chumba kidogo cha sakafu ya saruji, kuta zimepakwa rangi ya mafuta hadi kiunoni, na taa ya joto imening'inizwa juu ya sanduku la mbao. Ndani ya sanduku alilala mbwa wa kahawia, mbavu zinahesabika, aliyeokotwa juzi mtaroni. Vitoto vitatu vilikwisha kumganda tumboni. Shangazi alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono imelowa hadi viwiko.

"Nimekuja kwa ajili ya mstari wa kumi na nne," alisema Mzee Nukta, maana hakujua aseme nini kingine.

"Mstari utasubiri. Daktari wa mifugo amekwama na mafuriko, niko peke yangu. Cha tano kimekaa vibaya. Na cha nne ndiyo hiki, kimetoka kimya." Alikipasulia utando, akakipangusa mdomo na pua kwa kidole kidogo, akakifunga taulo na kumtilia mzee mikononi. "Sugua."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu?"

Hakikuwa na uzito wa kuzidi chungwa. Kilikuwa bado na joto la mama yake, na kimelegea kabisa. Mzee Nukta akakisugua kwa ncha za vidole, kwa uangalifu, kama anayefuta vumbi kwenye jalada la kitabu.

"Hapo hukisugui, unakiomba radhi," alisema Shangazi bila kugeuka. "Kichwa kielekee chini. Mgongoni, kwa nguvu. Ulimi wa mama hauna adabu hivyo."

Akasugua. Saa ya ukutani ilisogea dakika moja, ikasogea nyingine. Ulimi uliochungulia mdomoni ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Shangazi, kimekufa hiki."

"Nani kakwambia?"

"Nisugue mpaka lini?"

"Mpaka mkono uchoke."

"Umekwisha kuchoka."

"Basi badilisha mkono."

Akabadilisha. Mkono wa kushoto haukuwahi kushika kalamu maishani mwake, ulikuwa mzito na mjinga, lakini ulikuwa na nguvu ambazo hazijatumika. Alitaka kiishi. Alilitaka jambo hilo kwa kiasi cha kumtia aibu, yeye ambaye hakuwa amegusa mnyama tangu utotoni. Jasho lilimwingia machoni na hakulifuta.

Kisha chini ya kidole gumba kitu kikashtuka, mara moja, mfano wa kwikwi. Akasimamisha mkono. Hakuna. Akaanza tena, na ile kwikwi ikarudi, na nyingine ikaifuata, mdomo ukafunguka, na majivu ya ulimi yakaanza kuondoka taratibu, kuanzia ncha, yakiacha rangi ya waridi. Ikatoka sauti nyembamba sana, ya malalamiko.

Nywele zilimsimama Mzee Nukta mikononi. Mlango haukufunguliwa. Hakuna aliyeingia. Mvua ilikuwa inapiga mabati vile vile, na humo chumbani alikuwa ameongezeka mmoja.

"Anapumua," alisema.

"Unasemaje?"

"Anapumua. Huyu. Anapumua."

Shangazi alicheka chini kwa chini, mabega yakamtikisika. "Haya, mlete huyo wako kwa mama yake."

Mzee Nukta akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, suruali na pasi yake. Mbwa akamlamba mwanawe kwa nguvu, na ulimi ulipopita ukalamba na vidole vya mzee, bila kubagua. Cha tano kilipatikana baadaye, kikatoka kinapiga kelele. Mzee alikaa pale hadi miguu ikafa ganzi, na alipokumbuka kuondoka aliusahau mwavuli.

Usiku ule aliuandika upya mstari wa kumi na nne akaupeleka uchapwe, na kesho yake mchapaji akampigia simu. Alikuwa amefundishwa kazi na Mzee Nukta mwenyewe, na bado alimwogopa kidogo.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mstari wa kumi na nne una kosa."

"Marahaba. Usome."

"'Kitoto kikizaliwa kimya, kisugue, ubadilishe mkono, uendelee mpaka apumue.' Umeanza na ki, umemalizia na a. Nirekebishe wapi?"

Mzee Nukta aliutazama mkono wake wa kushoto. Kiwiko kilikuwa bado kinauma.

"Usome tena, polepole, uniambie ki inageuka kuwa a wapi."

Mchapaji akasoma tena, neno kwa neno.

"Sioni, mzee. Ni hapo katikati tu."

"Hata mimi sikuona," alisema Mzee Nukta, "na nilikuwa nimemshika. Chapa hivyo hivyo."