Régina na Jibu la B

Régina ndiye aliyemfundisha Nadine kujibu maswali ya kudhoofisha hoja, yale ya kuchagua sentensi inayoonyesha kwamba hoja ya mwandishi ina kasoro. Wote wawili walikuwa walimu Kabambare, na shirika moja lilitafuta wakufunzi watatu, ambao wangechaguliwa kwa mtihani wa kufanyika Kasongo. Kila siku baada ya masomo walibaki darasani na karatasi za mazoezi. Wiki ya tatu Nadine akaanza kumaliza kwanza. Walimu wengine wakawa wanampelekea yeye maswali yao, wanampita Régina mlangoni kama hawakumwona. Roho ikamuuma.

Siku mbili kabla ya mtihani, Nadine alikwama, akamgeukia Régina, aliyemwita yaya kama dada yake mkubwa.

“Yaya, nisaidie hapa. Barabara ilitengenezwa, bei ya mchele ikashuka. Mwandishi anasema ni barabara ndiyo ilishusha bei. Ni B ao C inadhoofisha hoja yake?”

Régina aliliona jibu papo hapo. C ilisema bei ilishuka vilevile hata kule ambako barabara haikuguswa.

“Ni B,” akasema. “Watu wengi hawaipendi ile barabara.”

Nadine akaisoma B tena. “Lakini hata watu wasipoipenda, yaya, bado inaweza kushusha bei.” Akaandika C. Régina akasingizia kichwa kinamuuma, akaondoka.

Matokeo yalibandikwa Kasongo majuma mawili baadaye. Walikwenda kwa pikipiki moja ya kukodi, tangu alfajiri kwenye matope. Nadine alikuwa wa kwanza. Régina alikuwa wa nne.

Nadine akamkumbatia. “Bila wewe nisingefika hapa.”

Maneno hayo yalimchoma Régina kuliko matokeo yenyewe. Akajitoa mikononi mwake.

“Siku ile nilikudanganya. Nilijua ni C.”

“Najua. Mutu aliyenifundisha hawezi kukosa swali kama lile.”

“Mbona hukusema kitu?”

“Nilirudi nyumbani nikalia, yaya. Ningesema nini?”

Régina akainamisha kichwa. “Nilikuonea wivu. Hata sasa iko moyoni, sitakudanganya tena.”

Mwenye pikipiki alikuwa ameshawasha mashine, anaita. Nadine akapanda, akasogea mbele kabisa hadi mgongoni pa dereva, nafasi ikabaki nyuma yake. Régina akasimama kidogo, kisha akapanda.

Walifika Kabambare hawajasemeshana, lakini kwenye matope mabaya Régina alikuwa amemshika Nadine kiunoni, na Nadine hakumtoa mikono.